“Anasema nini huyo?” Jibu refu la mtu wa Dodoma kuhusu hip hop na rege zenye ujumbe

Mleta uzi ameuliza swali ambalo nimeulizwa kwa miaka mingi, mara nyingine kwa utani na mara nyingine kwa dharau ya wazi: mtu aliyezaliwa na kukulia hapa Dodoma, ambaye Kiingereza alikutana nacho darasani tu, anapenda nini hasa katika nyimbo za watu weusi wa New York, Kingston na London, kama si kuiga mambo ya majuu? Ameongeza swali la pili, kwamba anayetaka kuanza kuusikiliza muziki huo aanzie wapi ikiwa lugha inampiga chenga. Waliochangia kabla yangu wamejibu kwa kutaja wasanii, na wametaja wazuri, lakini naona swali la kwanza limerukwa. Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu ni kutunza majalada, kwa hiyo mnisamehe nikijibu kama mtu aliyezoea kufungua jalada kuanzia folio, yaani ukurasa, ya kwanza.

Folio ya kwanza ni kanda. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Majengo, na mwaka 1997, nikiwa kidato cha pili, alirudi kutoka Dar es Salaam na kanda ya TDK ya dakika 90 ambayo rafiki yake alikuwa amemrekodia. Kwenye karatasi yake kulikuwa na maandishi ya wino wa bluu, “A rege, B rap”, basi, hakuna jina la msanii wala la wimbo. Upande A ulikuwa na Bob Marley, Peter Tosh na Burning Spear. Upande B ulikuwa na watu ambao nilikuja kuwajua kwa majina baada ya miaka, yaani Grandmaster Flash na kundi lake la Furious Five, Public Enemy, KRS-One na Queen Latifah. Tuliisikiliza kwenye redio ya National iliyokuwa ikila betri kubwa nne, na betri zikichoka tulizianika juu ya bati mpaka zirudishe nguvu ya nyimbo mbili tatu.

Jioni moja, katika msimu wa zile mvua za El Niño, nilikuwa nimekaa barazani na redio hiyo, na mama alikuwa kwenye kigoda akichambua mlenda. Alisikiliza upande B kwa muda, kisha akauliza, “Anasema nini huyo? Anagombana na nani?” Nikamjibu kwamba hagombani, anaimba. Akasema anasikia kuwa anaimba, yeye ameuliza anasema nini. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeisikiliza kanda hiyo miezi kadhaa, nikatikisa kichwa, nikajifunza hata kutembea kama ninavyodhani watu wale wanatembea, na sikuwa najua wanasema nini zaidi ya neno moja hapa na jingine kule.

Ni lazima nieleze kwa nini swali hilo lilinichoma. Mama ni Mgogo wa Mvumi na ujana wake wote alipiga muheme, ngoma ambayo kwetu hupigwa na wanawake, wamebana ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, huku mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Yeye alikuwa muongozaji. Katika kundi lao muongozaji hasifiwi kwa sauti tu, husifiwa kwa kile anachokirusha: mkwe mvivu, jirani aliyeficha chakula wakati wa njaa, kiongozi aliyekula michango, wote walipita katika nyimbo zile bila kutajwa kwa majina na kila mtu akajua ni nani. Kwa mtu wa namna hiyo, kijana anayependa wimbo ambao hajui unamsema nani alikuwa ni kichekesho, na alicheka kweli.

Kesho yake nilinunua kaunta buku. Nilianza na wimbo wa kwanza wa upande B, ule wa mwaka 1982 wa Grandmaster Flash na wenzake ambao maneno yake mengi yameghanwa na Melle Mel, nikaunakili neno kwa neno kwa kusikiliza, kusimamisha, kurudisha nyuma na kusikiliza tena, na kurudisha nyuma kwenyewe nilifanya kwa kuzungusha kanda kwenye kalamu ya Bic ili kuokoa betri. Ilinichukua Jumapili nne. Nilikuwa na kamusi ya kuazima iliyokosa kurasa za herufi ya S, jambo ambalo katika Kiingereza ni pengo kubwa kuliko mtu anavyodhani. Maneno niliyoyapata yalihusu mtu anayeishi katika jengo bovu, vioo vilivyovunjika kila mahali, panya mbele na mende nyuma, pesa ya kuhama hana, na mwishoni mtoto anayezaliwa bila kosa, anakulia humo, anaacha shule, anaishia gerezani na kufia huko. Kiitikio chake kinasema asisukumwe, kwa kuwa yuko karibu kabisa na ukingo. Mimi neno la ukingo nililisikia kama neno la kichwa, kwa hiyo katika daftari langu mtu yule aliomba asisukumwe kwa kuwa yuko karibu na kichwa.

Nikamsomea mama tafsiri yangu yote. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza jambo moja tu, kuwa karibu na kichwa ndiyo kuwaje. Nikasema pengine ni msemo wao. Akafikiri, akasema, “Hapana, umekosea kusikia. Huyu mtu amesimama pabaya. Tafuta neno la mahali.” Nilirudi kwenye kanda na nikalipata. Nilipomwambia ni ukingo, kama ukingo wa korongo, alitikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kifaa anachokijua, akasema huyo si mgomvi, huyo amechoka. Mama hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alijua tu wimbo unavyojengwa.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza, si pale nilipotikisa kichwa. (Daftari lenyewe lilitaifishwa na mwalimu mmoja wa shule niliyosoma, aliyelifungua kwenye ukurasa wenye tusi moja na kuhitimisha kuwa lote ni matusi, alinirudishia baada ya muhula mzima, na nadhani alikuwa amelisoma, maana kulikuwa na masahihisho mawili ya tahajia kwa wino mwekundu.)

Wengi wanaosema hip hop ni kitu kigeni kwetu wanasahau kwamba sisi sote tuliosoma shule za msingi za Tanzania tumesimamishwa mstarini tukaghani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Mtu aliyeipa ngonjera sura hiyo tunayoijua, Mathias Mnyampala, alizaliwa mwaka 1917 hapa Ihumwa, mahali ambapo leo napita karibu kila siku kwenda kazini Mtumba. Aliichukua kama ushairi wa majibizano, wa watu wanaobishana kwa vina na mizani mbele ya hadhira hadi mmoja akubali, na baada ya Azimio la Arusha ikatumika kila mahali kufundishia siasa. Nakubali kwamba ngonjera nyingi tulizokariri zilikuwa za kusifu na zilichosha. Lakini sikio lilikuwa limeshafundishwa. Niliposikia kwa mara ya kwanza KRS-One akifundisha historia ya watu weusi kwa vina vinavyogongana katikati ya mstari na si mwishoni tu, nilielewa ufundi wake kabla sijaelewa somo lake, kwa sababu vina vya kati na vya mwisho nilikuwa nimevihesabu kwa vidole tangu darasa la tano.

Kwa muda mrefu jambo moja lilinitatiza kuhusu ile kanda: kwa nini rafiki wa mjomba aliweka rege na rap pamoja, tena akazipa pande mbili za kanda moja? Jibu nililipata kati ya mwaka 2004 na 2005, wakati nikitumia sehemu ya mshahara wangu wa kwanza kwenye mgahawa wa intaneti, nikilipia nusu saa nusu saa na kunakili kwa mkono kila nilichokisoma. Mtu ambaye karamu yake ya tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la mtaa wa Sedgwick huko Bronx, New York, huhesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, ni DJ Kool Herc, na Herc alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Marekani akiwa na umri wa miaka 12. Alikulia mahali ambapo spika kubwa hutolewa uani na mtu mwenye kipaza sauti huzungumza juu ya santuri, na Bronx alichofanya ni kuchukua santuri mbili zinazofanana na kurefusha kile kipande ambacho ngoma hubaki peke yake. Karamu yenyewe ilikuwa ya dada yake, Cindy, aliyekuwa akitafuta pesa ya nguo za kufungulia shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na 50 kwa wavulana. Kumbe upande A ndio uliouzaa upande B, na rafiki wa mjomba, ambaye sikuwahi kumwona, alijua alichokuwa akikifanya. Nilifurahi pia kuona kwamba mwaka huohuo wa 1973 ndio TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Hakuna uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili, lakini kwa mtu wa hapa huwezi kuacha kuliona.

Nusu saa zile za mgahawa zilinifikisha mahali nisipopategemea. Nilikuwa nikitafuta waliotangulia hip hop, wale walioghani juu ya ngoma kabla ya Herc, nikawakuta Gil Scott-Heron na The Last Poets. Scott-Heron alizaliwa Chicago, na baba yake alikuwa Mjamaika aliyesakata kandanda Celtic ya Glasgow, jambo ambalo limeniponza katika mabishano ya vijiweni kwa kuwa hakuna anayeniamini. Mwaka 1975 aliimba kuhusu Johannesburg, akiwauliza Wamarekani wenzake kama wana habari za kule. The Last Poets walianza Harlem tarehe 19 Mei 1968, siku ya kuzaliwa ya Malcolm X, mtetezi wa watu weusi wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa ameshauawa miaka mitatu kabla, na jina lao walilitoa katika shairi la mshairi wa Afrika Kusini, Keorapetse Kgositsile, lililosema kwamba baada ya washairi hawa itakuja zamu ya bunduki, kwa hiyo wao ndio wa mwisho. Nikamtafuta huyo Kgositsile. Alikuwa mtu wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, aliyetoka kwao mwaka 1961, na mahali alipofikia kwanza, kabla ya Marekani, ni Dar es Salaam, ambako aliandika katika jarida; mwaka 1975 alirudi tena na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikaa mbele ya kompyuta ile nikasahau muda, na kijana wa zamu akaizima.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo jibu langu kwa mleta uzi lilipo.

Baadaye nilitumwa Kongwa kikazi, kupeleka majalada. Ukitoka Dodoma unashika barabara ya Morogoro, unaiacha pale Mbande. Kongwa wengi tunaijua kwa mambo mawili: ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, kwa kuwa waliolima kwa matrekta hawakuwauliza Wagogo kuhusu mvua, na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika iliyofunguliwa hapo miaka ya 1960. Nilikuwa najua kwamba kambi ilikuwepo kama ninavyojua kwamba mwezi upo. Jioni ile, mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja, baba mkwe wake, ambaye ujanani aliuza maziwa kambini, na nilipomuuliza anakumbuka nini zaidi, nikitegemea ataniambia bunduki au magari, alisema, “Kuimba. Wale wa kusini walikuwa wanaimba mno. Wakianza, hata ng’ombe huku wanasimama.” Akanionyesha kwa mkono mahali sauti zilipotokea, ng’ambo ya miti. Kisha akajaribu kuimba kidogo. Maneno hakuwa nayo, alikuwa na sauti tu, ile ya chini, na akaipiga kwa kisigino sakafuni, mara moja nzito na mara mbili nyepesi.

Nilimwuliza kama alijua walichokuwa wakisema. Akacheka, akasema hakujua neno hata moja, lakini alijua ni watu walio mbali na kwao.

Wakati Gil Scott-Heron anawauliza Wamarekani kama wamesikia habari za Johannesburg, kwa huyu mzee vijana wa Johannesburg walikuwa ni wateja wa maziwa, miaka kumi kabla. Mimi nilikuwa nimeufukuzia muziki huu kwa kamusi isiyo na herufi ya S, kwa kanda, kwa nusu saa za intaneti, nikiamini kwamba naelekea mbali, na kila nilipofika mwisho wa uzi nilikuta umefungwa nyumbani. Nikisema napenda muziki wa watu weusi wa ughaibuni, sehemu kubwa ya ninachokipenda ni hiyo: umenirudishia mambo ya kwetu ambayo kwetu sikuambiwa.

Mfano ulionitia aibu zaidi ni wa Walter Rodney. Jina hilo nililisikia kwanza kwa Linton Kwesi Johnson, mshairi aliyezaliwa Jamaika, akaenda London mwaka 1963 akiwa mtoto wa miaka 11, na ambaye husoma mashairi yake juu ya mdundo mzito wa rege, kwa Kiingereza cha Kijamaika kilichoandikwa kama kinavyotamkwa. Katika albamu yake ya mwaka 1984 ana utenzi wa kumlilia Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyeuawa kwa bomu garini mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Si maombolezo ya kusifu tu. Ndani yake kuna lawama ya upole pia kwa marehemu. Niliurudia mara nyingi bila kujua Rodney ni nani. Nilipotafuta nikagundua kwamba alifundisha Dar es Salaam, kwanza mwaka 1966 hadi 1967 na tena kuanzia 1969 hadi 1974, na kwamba kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 kwa wachapishaji wawili, mmoja wa London na mwingine wa hapahapa, Tanzania Publishing House. Nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na Jamatini, imekaa chini ya rundo la vitabu vya kilimo cha zabibu. Yaani mshairi huyo wa London ndiye aliyenifundisha kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kabla sijazaliwa.

Na Tupac, yule rapa wa Marekani? Sura yake imechorwa kwenye bajaji ngapi hapa mjini, kwenye vinyozi vingapi? Ukiwauliza wenye bajaji hizo, wachache watakuambia kuwa mama yake, Afeni Shakur, alikuwa wa Black Panther, chama cha kupigania haki za watu weusi Marekani, na karibu hakuna atakayekuambia kwamba baba yake wa ubatizo, Geronimo Pratt, aliyefungwa miaka 27 Marekani kabla hukumu yake haijatenguliwa mwaka 1997, alihamia Tanzania na akafia Imbaseni, karibu na Arusha, mwezi Juni 2011. Kijijini hapohapo wameishi kwa miongo mingi Pete O’Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther wa Kansas City na akakimbilia nchini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mkewe Charlotte, yule Mama C, mshairi na mwanamuziki anayepiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Walifungua kituo cha jamii ambako vijana wa Arusha walijifunza sanaa na mengineyo. Hayo hayapo Bronx. Yapo umbali wa safari ya basi ya siku moja.

Sasa nisije nikaonekana nimelewa. Kuna mambo katika muziki huu ambayo baada ya miaka hii yote bado yananikera, na la kwanza ni namna wanaume wanaohubiri ukombozi wa mtu mweusi katika ubeti wa kwanza wanavyomtukana mwanamke mweusi katika ubeti wa tatu. Binti yangu ana umri wa kuuliza maswali, na kuna nyimbo ninazozipenda ambazo nimeshindwa kuzipiga sebuleni. Ndiyo maana namweka Queen Latifah juu ya wengi wenye majina makubwa kuliko lake: mwaka 1989 alisimama na kusema wanawake kwanza, video yake ikionyesha mapambano ya Afrika Kusini, na mwaka 1993 akaja na wimbo wa kuwajibu waziwazi wanaowaita wanawake majina ya wanyama. Nilipomtafsiria mama huo wa pili, alisema huyu angeweza kuongoza muheme, na sijamsikia akimpa mtu mwingine wa kanda ile sifa hiyo.

La pili ni Afrika yao. Katika nyimbo nyingi za miaka ya 1980 na 1990, Afrika ni piramidi, wafalme na malkia, na kila mtu aliyechukuliwa utumwani alikuwa mwana wa mfalme. Naelewa sababu yake. Mtu aliyeambiwa kwa miaka mia tatu kuwa si kitu atajirudishia taji kwanza kabla ya kujirudishia jembe. Lakini mimi babu yangu alikuwa mchunga mbuzi wa Mvumi, hakuwa farao, na sikumbuki kusikia ilimba, ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, katika santuri hata moja ya hip hop yenye ujumbe, ingawa Hukwe Zawose wa kijiji cha Doduma aliipiga ilimba hiyo katika majukwaa ya Ulaya miaka mingi kabla hajafariki mwaka 2003. Wangemtafuta wangepata sauti ambazo hakuna mashine ingewapa.

La tatu ni letu sisi mashabiki: kiburi. Nilikuwa na miaka kama mitano hivi ambapo sikuweza kupanda daladala bila kudharau wimbo unaopigwa na dereva. Mke wangu, ambaye ni mtu wa taarabu na hafichi, aliniponya kwa kuniuliza kama nina habari kwamba taarabu imekuwa ikiwasema watu kwa mafumbo tangu kabla Bronx haijajua kipaza sauti. Sikuwa na hoja.

Kuhusu wa kwetu nitapita haraka, kwa kuwa uzi mwingine unawahusu, ila kuna jambo ambalo mtu wa Dodoma hana budi kulisema. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa wimbo wa mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukimwitikia kwa ndiyo. Mimi niliuweka katika kaunta buku pamoja na wa Bronx, bila kutenganisha. Miaka 14 baadaye mwimbaji wa wimbo huo alikuwa mbunge wa Mikumi, akaketi Bungeni hapa mjini hadi 2020, na rapa mwenzake, Sugu wa Mbeya, alikuwa ameshamtangulia tangu 2010. Nilikuwa nikifuatilia vikao redioni nikijua kabisa kwamba nasubiri kitu kisichokuwa cha haki kukisubiri kwa mbunge, yaani kina cha shairi.

Swali la pili la mleta uzi, basi, la wapi pa kuanzia kwa mtu ambaye lugha inampiga chenga. Ushauri wangu hautafuati orodha za wataalamu. Usianze na wale wanaoghani kwa kasi hata kama ndio wanaosifiwa. Anza na Linton Kwesi Johnson, kwa sababu husoma polepole na kila neno lina nafasi yake juu ya besi. Lafudhi itakusumbua wiki ya kwanza, kisha utagundua kwamba Kiingereza chake kiko karibu na masikio yetu kuliko kile cha darasani, kwa kuwa kila kilichoandikwa kinatamkwa. Halafu Gil Scott-Heron, ambaye huongea kama mtu aliyeketi nawe. Halafu ule wimbo wa 1982, maana ni hadithi yenye mwanzo na mwisho. Wale wawili wa dead prez na albamu yao ya mwaka 2000 waje baadaye, wana hasira nyingi na misamiati mingi ya mtaani, na utawafaidi zaidi ukishamsoma Rodney. Chukua wimbo mmoja tu kwa mwezi. Maneno ya nyimbo siku hizi yote yapo mtandaoni, lakini nakusihi uandike kwanza mwenyewe kwa kusikia, kisha ndipo ulinganishe, kwa kuwa neno ulilolikosea ndilo ambalo hutalisahau.

Wachangiaji wawili wameniomba niweke picha za kaunta buku langu. Nimeanza kuzipiga kwa simu, kurasa chache kila jioni, na nitaziweka hapa kadiri zinavyokuwa tayari. Wino umefifia na kuna ukurasa uliolowa mlenda. Mtakapofika ukurasa wa tatu mtaona neno “kichwa” limekatwa kwa mstari mmoja na juu yake kumeandikwa “ukingo”. Mwandiko wa juu si wangu. Ni wa mama, aliyenipokonya kalamu siku ile na kuliandika mwenyewe.